Ndege za Nyongeza na Hewa Nyepesi ya Nyanda za Juu

Programu ya kuiga urubani inaponunuliwa huja na ndege zake chache, ambazo aghalabu zimeundwa zimridhishe kila mtu, mwanagenzi na mzoefu, na kwa sababu hiyo hiyo hazimtoshelezi yule atakaye kujua kwa yakini jinsi ndege kubwa ya abiria inavyoendeshwa. Hapo ndipo ilipozuka sanaa ya ndege za nyongeza, yaani ndege ziundwazo na mafundi walio nje ya kampuni iliyotoa programu yenyewe, pamoja na vyumba vyake vya rubani vyenye ala, swichi na taa. Mimi husadiki kwamba wakazi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati wamejaliwa mizani ya kuzipimia ndege hizo ambayo watu wa nchi tambarare hawanayo, na mizani yenyewe ni hewa tuivutayo kila siku.

Sanaa hii si changa. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza, kazi ya Bruce Artwick, na rubani wa siku hizo alipewa Cessna moja ndogo na ardhi iliyochorwa kwa namna sahili mno. Leo kampuni ya PMDG ya Marekani huuza Boeing 737 na Boeing 777 ambazo mitambo yake imeigwa swichi kwa swichi, na wako wengine waliojitolea wakatoa kazi yao bila malipo, mathalan Airbus A320neo ya FlyByWire, na Boeing 737-800 ya Zibo itumikayo katika X-Plane, programu nyingine ya kuiga urubani.

Mnunuzi hana budi ajue chombo cha namna hii kina mafungu gani. Katika FS2004 na FSX, matoleo ya zamani ya Flight Simulator ya Microsoft, kila ndege ilikaa katika folda yake, na ndani yake mlikuwa na folda ya umbo, ya rangi, ya sauti na ya paneli, kisha faili mbili zilizokuwa ndizo roho yake, kwa kuwa humo ndimo mlimoandikwa uzito wake, eneo la mabawa yake na nguvu za injini zake. Matoleo ya baadaye yamebadili majina na mpangilio, lakini asili ya mgawanyo huo ingaliko. Basi mtu akipata ndege iliyopambwa kwa rangi za Kenya Airways, na furaha ikamjaa kwa kuiona juu ya Ziwa Nakuru, na akumbuke kwamba alichoongezewa ni folda ya rangi peke yake, na kwamba hakuna tarakimu hata moja ya mwendo wa chombo iliyoguswa.

Paneli nayo ina dhahiri yake na batini yake. Dhahiri ni picha iliyo machoni. Batini ni hesabu zinazokwenda nyuma ya kila ala. Katika Boeing 737-800 rubani huwasha betri, kisha injini ndogo iliyo mkiani, ambayo hutoa umeme na hewa yenye shinikizo. Hewa hiyo ndiyo izungushayo injini kubwa, na mafuta hufunguliwa mzunguko wa ndani unapofikia takriban asilimia 25. Akisahau kuifunga mitambo ya kiyoyozi cha abiria, hewa hugawanyika na injini ikazunguka kwa uzito. Paneli iliyoundwa kwa uaminifu itamwonyesha upungufu huo katika ala ya shinikizo, ilhali iliyoundwa kwa pupa itaiwasha injini hata kama kila jambo limeachwa kombo.

Na hata paneli ya kushikwa kwa mkono, ile ambayo fundi huikata katika ubao nyumbani, akaitoboa matundu ya swichi na kuiunganisha na kompyuta kwa kadi ndogo ya Arduino, haina manufaa ikiwa ndege iliyomo haina batini hiyo. Maana swichi hiyo huipelekea programu habari tu kwamba imefunguliwa au imefungwa, na iwapo hakuna mtambo ulioigwa wa kuipokea habari hiyo, kazi yote ya mikono itakuwa imepotea bure.

Sasa natuje kwenye mizani yetu. Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na alasiri yenye joto la nyuzi 26 hewa huwa nyepesi kuliko hewa ya kipimo cha usawa wa bahari kwa karibu robo. Ala ya mwendo hupima msukumo wa hewa, haipimi mwendo wenyewe. Kwa hiyo ikisoma kilomita 250 kwa saa, ndege kwa hakika huwa inakwenda takriban 285. Na kwa kuwa masafa ya kukimbia ardhini hufuata mraba wa mwendo, njia ya kurukia ihitajikayo hurefuka kwa takriban asilimia 30 kabla hatujahesabu udhaifu wa injini, ambazo nazo hunyimwa sehemu ya hewa zinayoitegemea.

Mwenye ndege mpya na aifanyie jaribio hili. Aiweke katika kiwanja cha Moi, Mombasa, karibu na usawa wa bahari, kisha katika kiwanja cha Eldoret, kilicho zaidi ya mita 2,100 juu yake. Uzito uwe ule ule, joto liwe nyuzi 25, upepo usiwepo, na injini zipewe nguvu kamili. Gurudumu la mbele linapoinuka, ala ya mwendo yapasa isome sawa mahali pote pawili, lakini mwendo wa ardhini huko Eldoret upite ule wa Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Tofauti hii hutokana na hewa, na programu yenyewe huihesabu. Jambo la kuangaliwa zaidi ni urefu wa njia iliyoliwa: ikiwa Eldoret ilihitaji ziada ndogo tu, basi muundaji hakuzipunguza nguvu za injini ipasavyo, na uzuri wa chumba cha rubani haumwondolei lawama.

Elimu hii haikai mbali na riziki zetu. Maua ya Naivasha husafirishwa Ulaya kwa ndege za mizigo kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, kilicho mita 1,624 juu ya bahari, na njia yake ina urefu wa zaidi ya mita 4,100. Boeing 747-400 ya mizigo, ambayo uzito wake wa juu wa kuondokea unakaribia tani 397, haiwezi kuondoka hapo katika joto la mchana na shehena na mafuta yale yale ambayo ingeondoka nayo pwani. Mwenye kuiongoza hulazimika kupunguza kimoja. Kijana anayeipakia ndege hiyo katika kompyuta, akaona njia inakaribia kwisha na magurudumu hayajaacha ardhi, amefahamu jambo linaloamua ni masanduku mangapi ya waridi yatakayopakiwa.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa mzazi na kwa kijana atamaniye kusomea urubani ni kuanza na ndege moja isiyo na malipo na yenye mitambo kamili, kuipima kwa jaribio la Mombasa na Eldoret, na kusoma kitabu cha maelezo yake ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoa fedha kwa nyingine. Saa za nyumbani hazihesabiwi kuwa saa za urubani, wala hazistahili kuhesabiwa hivyo. Lakini aliyefahamu kwa nini ndege huhitaji njia ndefu zaidi nyanda za juu ataingia darasani akiwa na swali la haki la kumwuliza mwalimu, na hiyo ni faida ambayo ndege ya rangi nzuri pekee haiwezi kumpa.