Kiwanja kwanza, mabati baadaye

Wamennonite ni ndugu zetu katika Kanisa la Kristo Kongo (ECC). Shule yao ya sekondari ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ina fundisho kwetu.

Ilifunguliwa mwaka 1942, vita vikiendelea duniani. Wazee wa kanisa hawakungoja kujenga upya. Walichukua uwanja wa shule nyingine, Yeates, iliyokuwa imekwisha kufungwa. Hivyo wanafunzi waliotoka mbali walipata bweni, na wote wakapata mahali pa ibada. Majengo mengine yaliongezwa polepole, kwa sababu nafasi ilikuwapo.

Huku kwetu mara nyingi tunaanza na mbao na mabati, kisha tunaita watoto. Baadaye jirani anadai mpaka, na pa kuchimba choo hapaonekani. Basi ndugu, kabla ya kukusanya sadaka ya mabati, tuulizane: hati ya kiwanja iko kwa jina la kanisa? Maji yatatoka wapi? Darasa la mwaka ujao litakaa wapi? Bwana atusaidie kujenga juu ya mwamba.