Daraja la Tao la Mji wa Spokane

Mji wa Spokane uko upande wa mashariki wa jimbo la Washington, nchini Marekani, na mto wenye jina hilo hilo wapita katikati yake. Mto huu hauendi kwa utulivu, bali huanguka kwa maporomoko makubwa baina ya majabali meusi. Watu wa kabila la Spokane walivua samaki wa samoni mahali hapo tangu zamani sana. Wageni walipofika katika miaka ya 1870 waliyatazama maji yale kwa jicho jingine, wakajenga kiwanda cha kupasulia mbao. Mji ukakua ng'ambo zote mbili za korongo, na shida ya kuvuka ikaanza.

Daraja la kwanza katika barabara ya Monroe lilijengwa mwaka 1889, nalo lilikuwa la mbao tupu. Halikutimiza hata miaka miwili. Mwaka 1890 liliteketea kwa moto. Wenyeji wakaona heri wajenge la chuma, na hilo likawa tayari mwaka 1892. Lakini chuma nacho kilikuwa na kasoro zake. Daraja lilikuwa jembamba, na gari zito lilipopita lilitetemeka hata mwenda kwa miguu akashika ukingo. Yasemekana kwamba tembo wa sarakasi waliletwa wavuke, wakakataa katakata kuweka mguu juu yake. Iwapo hadithi hiyo ni ya kweli au ya kuchekesha tu, mtaalamu aliyelikagua mwaka 1905 alisema neno lile lile la tembo: daraja si salama.

Haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1900 mji ulikuwa na watu 36,848. Mwaka 1910 walikuwa 104,402. Injinia wa mji, Bwana John Chester Ralston, akapendekeza daraja la zege, yaani simiti iliyochanganywa na mchanga na kokoto. Zege ni kama jiwe: ukiligandamiza lastahimili uzito wa ajabu, lakini ukilivuta hukatika upesi. Ndiyo sababu ya kulijenga kwa umbo la tao, maana katika tao uzito wote husukuma chini na pembeni, mpaka kwenye miamba ya kingo mbili. Tao la katikati la Bwana Ralston lilikuwa na mbavu mbili sambamba, na upana wa futi 281 kutoka mguu hata mguu. Tao la Rocky River, katika jimbo la Ohio, lililokuwa kubwa kuliko yote nchini humo, lilikuwa na futi 280. Futi moja tu! Ni vigumu kuamini kwamba futi ile ilitokea kwa bahati. Hata hivyo waliojisifu kwamba Spokane imeshinda dunia nzima walikosea, kwa kuwa daraja la Grafton katika mji wa Auckland, New Zealand, lililokwisha mwaka 1910, lilikuwa na futi 320.

Kazi ilianza mwaka 1909. Zege bichi haliwezi kujishika lenyewe. Hivyo ilibidi kwanza kujenga kiunzi kikubwa cha mbao kutoka bondeni, juu ya maji yaendayo mbio, ili kilichukue tao mpaka likauke. Mwezi wa Julai 1910 upepo mkali ulivuma, ukaangusha sehemu kubwa ya kiunzi kile mtoni. Waliokuwa wakinong'ona kwamba daraja litaanguka sasa wakasema kwa sauti kuu. Ugomvi wa siasa nao ukaingia, na Bwana Ralston akaondoka kazini kabla ya kuiona kazi yake imekwisha. Injinia aliyemfuata, Bwana Morton Macartney, aliikamilisha, na tarehe 23 Novemba 1911 daraja likafunguliwa, futi 136 juu ya mto. Gharama yake ilikuwa karibu dola nusu milioni.

Jibu la wale wenye mashaka lilikuja kwa njia ya huzuni. Mwezi wa Desemba 1915 daraja lililovunjika mjini humo halikuwa lile la zege, bali daraja la chuma la barabara ya Division, nalo likaanguka pamoja na magari mawili ya tramu, na watu watano wakafa.

Tao la Monroe liliendelea kubeba tramu, kisha motokaa na malori. Kwa miaka mingi hata njia ya reli ilipita juu yake kwa daraja jingine, likaondolewa mwaka 1973. Maji ya mvua na barafu yaliila barabara ya juu na nguzo zake, na mwaka 2003 daraja likafungwa. Mafundi walibomoa sehemu za juu wakazijenga upya kwa mfano wa zamani, lakini tao kubwa lenyewe waliliacha, kwa maana lilikuwa bado imara. Mwezi wa Septemba 2005 watu wakavuka tena.

Mwenda kwa miguu apitaye hapo huona vibanda vya mapumziko kandokando, vilivyochorwa na Kirtland Cutter na Karl Malmgren. Vina umbo la magari ya turubai ya wahamiaji wa kale, na juu ya nafasi za kuingilia yamewekwa mafuvu ya nyati wa Marekani, yaliyofinyangwa kwa zege lile lile.