Gasketi nene si tiba kamili kwa injini yenye supachaja

WAPENZI wa magari yaendayo kasi hupenda kuiongezea injini nguvu kwa kuifungia supachaja, yaani pampu inayozungushwa na injini yenyewe ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hata hivyo, punde tu kifaa hicho kinapofungwa huzuka swali ambalo jibu lake baya limeua injini nyingi: je, yatosha kuweka gasketi nene chini ya kichwa cha injini ili ihimili hewa hiyo?

Mafundi wengi hujibu kwamba yatosha. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Gasketi hiyo ni bamba jembamba linalobanwa kati ya bloku na kichwa cha injini. Kazi yake kuu ni kuzuia gesi ya mwako, maji na oili visivuje wala kuchanganyika. Lakini kwa kuwa ina matundu yaliyo sawa na silinda, unene wake huwa sehemu ya chumba ambamo mafuta huchomwa. Gasketi ikiwa nene, chumba hupanuka. Ikiwa nyembamba, chumba hubanika.

Ukubwa wa chumba hicho ndio huamua uwiano wa mgandamizo. Huu ni ulinganisho wa nafasi iliyopo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa, na ile inayobaki pistoni ikifika juu. Uwiano ukiwa 9 kwa 1, hewa iliyojaza sehemu tisa hubanwa ikakaa katika sehemu moja.

Katika injini ya kawaida, uwiano mkubwa ni jambo la heri, kwani huongeza nguvu na kupunguza matumizi ya petroli. Kwa injini yenye supachaja mambo ni tofauti. Hewa huingia tayari ikiwa imebanwa na kupata joto. Ikibanwa tena kupita kiasi, mchanganyiko wa hewa na petroli huweza kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Mlipuko huo ndio husababisha injini kugonga. Ukiendelea, huweza kutoboa pistoni, kuvunja ringi au kuunguza gasketi yenyewe.

Mfano mzuri ni injini ya Toyota aina ya 4A-GE, ya lita 1.6, na ndugu yake 4A-GZE iliyofungwa supachaja na kuanza kutumika katika gari la MR2 nchini Japani mwaka wa 1986. Silinda za injini zote mbili zina kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77. Uwiano wa 4A-GE ya miaka hiyo ulikuwa 9.4 kwa 1. Ule wa 4A-GZE ulipunguzwa hadi 8 kwa 1.

Hesabu yake si ngumu. Kila silinda ya injini hiyo humeza takriban sentimita za ujazo 397. Ili kupata uwiano wa 9.4, chumba cha mwako hubakiwa na takriban sentimita za ujazo 47. Gasketi ikiongezwa unene wa milimita 1, chumba hupanuka kwa sentimita za ujazo 5 hivi, na uwiano hushuka hadi 8.6. Ikiongezwa nusu milimita, uwiano hushuka hadi 9 pekee. Ili kufikia 8 kwa 1 kwa gasketi tu, fundi angelazimika kuongeza karibu milimita 2.

Toyota haikufuata njia hiyo. Badala yake, iliipa 4A-GZE pistoni za kufuliwa zilizoundwa mahususi kwa uwiano huo mdogo.

Sababu ni kwamba pistoni inapofika juu, ukingo wake hukaribia sana kichwa cha injini, mara nyingi kwa pengo la takriban milimita 1. Mchanganyiko ulio pembeni husukumwa kwa kasi kuelekea kwenye plagi, ukavurugika vyema na kuungua upesi. Gasketi nene hulipanua pengo hilo. Matokeo yake, mwako huwa wa polepole na sehemu ya mchanganyiko husalia pembeni ikipata joto. Hapo ndipo hali ya kugonga huanza, hata kama uwiano umepunguzwa. Dawa hugeuka kuwa chanzo cha maradhi.

Aidha, gasketi nene hukiinua kichwa cha injini, hivyo mkanda unaozungusha kamshafti huchelewesha kidogo ufungukaji wa vali. Nayo injini yenye mgandamizo mdogo huwa nzito kuondoka, hasa kabla ya supachaja kushika kasi.

Hii haimaanishi kwamba gasketi nene haina kazi. Kichwa kilichopindwa na joto na kusawazishwa kwa mashine hupoteza sehemu ya unene wake, nao uwiano hupanda. Hapo gasketi iliyoongezwa unene kidogo husaidia kuurejesha uwiano wa awali.

Jambo jingine linalosahaulika nchini Kenya ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 20. Supachaja inayozungushwa kwa mkanda huzidisha hewa inayoikuta. Hivyo injini iliyorekebishwa na kujaribiwa jijini Nairobi bila kugonga huingiza hewa nzito zaidi inaposhuka pwani, tena kwenye joto kali. Vipimo vilivyofaa jijini huenda visifae Mombasa.

Kwa hivyo mwenye gari anayekusudia kufunga supachaja anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba chumba cha mwako kimepimwa, na hesabu kufanywa kwa kuzingatia hali ya pwani. Upungufu mkubwa wa uwiano watakiwa kutoka kwenye pistoni. Kipozea hewa, petroli yenye okteni ya kutosha na majira sahihi ya moto wa plagi hukamilisha kazi. Gasketi hubaki kuwa ya marekebisho madogo, na gharama ya kupima ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kununua injini nyingine.