Mafahali Wawili, Zizi Moja: Kufuli Isiyo na Chuma

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nilidhani methali hii ni ya ng'ombe na wafalme tu. Kumbe hata tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyoiita, inaihusu! Nililijua hili kwa uchungu, nami sitaki uchungu huo uende bure.

Sisi wachache tunaopenda mambo ya tarakilishi tuliandika programu ndogo ya kujumlisha alama za mtihani. Alama zote zilikaa katika faili moja, na mashine mbili ziliweza kuifikia. Alasiri moja mwenzangu aliketi kwenye mashine hii akiingiza alama za Kiswahili, nami kwenye ile nikiingiza za Bayolojia. Tukamaliza, tukapongezana, tukaenda zetu kula. Kesho yake faili inafunguliwa: Bayolojia ipo, Kiswahili hakuna. Hata alama moja! Mwenzangu akaapa kwamba aliziandika. Nami, nasikitika kusema, sikumwamini.

Kumbe alisema kweli. Programu yetu ilikuwa inasoma faili nzima, inaibadilisha katika kumbukumbu ya mashine, kisha inaiandika yote upya. Sote wawili tuliisoma ikiwa tupu. Yeye akahifadhi kwanza. Mimi nikahifadhi baadaye, na nakala yangu, ambayo haikujua lolote kuhusu Kiswahili, ikaifunika yake. Hakuna aliyekosea kazi yake. Kosa lilikuwa kwamba tuliingia pamoja mahali pa mtu mmoja.

Ili tuelewe dawa yake, hebu twende kwanza kwenye reli. Reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa njia moja. Gari moshi linalotoka Kisumu kwenda Kibos na linalotoka Kibos kuja Kisumu haliwezi kupishana katikati; lazima moja lingoje stesheni. Je, dereva atajuaje kwamba njia ni yake? Swali hili si la mchezo. Mwezi wa Septemba mwaka 1874, karibu na mji wa Norwich huko Uingereza, magari moshi mawili yaliruhusiwa kuingia katika njia moja kutoka pande mbili. Yaligongana uso kwa uso, watu 25 wakafa. Baada ya msiba huo Edward Tyer alibuni mtambo wake wa mwaka 1878. Kila stesheni ina sanduku lenye visahani, na masanduku hayo mawili yameunganishwa kwa umeme. Kisahani kimoja kikishatolewa, hakitoki kingine upande wowote mpaka kile kirudishwe. Dereva asiye na kisahani mkononi haondoki, ng'o!

Faili ya kufuli ndiyo kisahani cha tarakilishi. Kabla programu haijagusa faili ya alama, inaunda kwanza faili nyingine ndogo, tuseme «alama.kufuli». Ikifaulu kuiunda, njia ni yake. Ikikuta imekwisha kuundwa, inangoja. Ikimaliza kazi, inaifuta, na mwingine anaingia. Basi, ni hivyo tu. Hata programu za ofisini hufanya hivi. Ukifungua waraka kwa LibreOffice, faili ndogo iliyofichika huzaliwa kando yake, na mwenzako akijaribu kuufungua anaambiwa una mwenyewe.

Lakini wenzangu, wepesi huu una mitego, na sisi tulinaswa na yote.

Mtego wa kwanza: tuliandika programu iangalie kama kufuli ipo, na kama haipo, iiunde. Inaonekana sawa, sivyo? Sasa fikiria wanafunzi wawili wanaochungulia bafu moja lililo tupu. Kila mmoja anasema, «Hakuna mtu,» kisha wote wanaingia. Kati ya kuangalia na kuunda kuna upenyo, na upenyo mdogo kwa binadamu ni mpana kwa mashine. Dawa ni kufanya mambo hayo mawili yawe tendo moja lisilogawanyika. Unauambia mfumo endeshi: «Niundie faili hii, lakini ikiwa ipo tayari, nikatalie.» Mifumo ya ukoo wa Unix, kama vile Linux, inayo amri hiyo. Wawili wakiomba kwa pamoja, mmoja tu ndiye atakayepewa.

Mtego wa pili ni stima kupotea. Siku moja umeme ulikatika programu ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi, programu ilikuwa imekufa lakini kufuli yake ilikuwa bado ipo kwenye diski. Tukangoja weee! Ni kama kiranja aliyeenda nyumbani likizoni na ufunguo wa stoo mfukoni. Ndiyo maana programu huandika namba yake ya utambulisho ndani ya kufuli. Anayengoja husoma namba hiyo, kisha huuliza mfumo: «Je, huyu bado yu hai?» Hata hapo tahadhari inatakiwa, kwa maana mashine ikiwashwa upya, namba ileile inaweza kupewa programu nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo wengi hupenda kufuli inayoshikwa na mfumo endeshi wenyewe, kama ile iitwayo flock, iliyokuja na toleo la Unix la chuo cha Berkeley mwaka 1983. Mshikaji akifa, mfumo huiachilia papo hapo.

Mtego wa tatu ndio uliniacha nikiwaza usiku. Faili ya kufuli haizuii chochote! Programu isiyojali inaweza kuipita na kuandika juu ya alama zetu, wala hakuna kengele itakayolia. Sisi wenyewe tulikuwa tumeisahihisha programu katika mashine moja tu, ile ya pili ikabaki na toleo la zamani. Mmoja aliheshimu kufuli, mwingine hakuijua. Mnadhani nini kilitokea? Alama za Kiswahili zilipotea mara ya pili.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, kufuli hii haina chuma. Nguvu yake yote ni makubaliano: tuulize kwa namna moja, tuandike majina yetu, tuifute tukimaliza, na asiwepo hata mmoja wa kuruka foleni. Mmoja akikataa, imekuwa bure kwa wote.

Alama zile tuliziingiza upya kutoka kwenye karatasi za mtihani, mimi na mwenzangu yule, zamu kwa zamu. Kabla ya kuanza nilimwomba radhi. Yeye alicheka tu, akasema, «Keti, mimi nitangoja.»

Naiweka kalamu yangu chini. Ahadi ni deni, hata kwa mashine.