Upimaji wa muda katika mifumo ya kompyuta

Upimaji wa muda katika mifumo ya kompyuta ni njia ya kujua shughuli fulani imechukua muda gani tangu kuanza hadi kwisha. Huonekana kazi rahisi: kutazama saa mwanzoni na mwishoni, kisha kutoa. Lakini jibu linaweza kuwa na kosa, hata likawa chini ya sifuri.

Aina mbili za saa

Saa ya kwanza ya kompyuta ni ya kalenda, inayotaja tarehe na saa ya siku. Haina usahihi kamili: ikikosea sehemu 20 kwa kila milioni, hupotea karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kwa hiyo hurekebishwa kupitia mtandao, hasa kwa itifaki ya NTP iliyobuniwa na David L. Mills wa Marekani. Marekebisho hayo yanaweza kuirudisha nyuma. Kwa mfano, kazi ya sekunde 2 ikifanyika wakati saa inarudishwa sekunde 3, hesabu hutoa -1.

Saa ya pili haitaji tarehe. Huhesabu kwenda mbele tu, mara nyingi tangu kompyuta ilipowashwa. Hiyo ndiyo inayofaa kupimia muda.

Tukio la mwaka 2017

Mwishoni mwa tarehe 31 Desemba 2016 sekunde moja iliongezwa katika saa ya kimataifa UTC, ili isiachane na mzunguko wa Dunia. Katika kampuni ya Cloudflare, programu ya kutafuta anwani za tovuti, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilipata muda hasi ikashindwa kufanya kazi katika baadhi ya seva. Waandishi wake walichukulia kwamba wakati haurudi nyuma. Toleo la Go 1.9, lililotoka Agosti 2017, lilianza kutumia saa ya pili katika kutoa nyakati.

Kompyuta zaidi ya moja

Saa za kompyuta mbili hazilingani kabisa, na hesabu ya saa ya pili ya kompyuta moja haina maana kwa nyingine. Hivyo muda wa ujumbe kwenda na kurudi hupimwa na kompyuta iliyoutuma peke yake.

Pengine kinachohitajika ni kujua mpangilio wa matukio tu, si muda. Mwaka 1978 Leslie Lamport alieleza njia isiyotegemea saa: kila kompyuta huongeza namba yake kwa kila tukio na kuiambatanisha na ujumbe, inayopokea huipandisha namba yake izidi ile iliyoletwa. Hivyo tukio linalosababisha jingine daima huwa na namba ndogo zaidi.