Safari ya Kazi Mombasa: Chumba, Chakula na Pesa Iliyo Kwenye Simu

Bosi amesema wiki ijayo uwe Mombasa. Tiketi ya SGR imekatwa na posho ya siku tatu imeingia kwa simu. Kabla hujaanza kuwaza biriani, tuongee kidogo kuhusu hiyo posho.

Tuanze na hoteli, ile ya kulala, si ile ya chai na chapati. Nyingi za mjini hutaka malipo ya awali ndipo zikushikie chumba, na hapo ndipo watu huumia. Unaona picha safi mtandaoni, unapiga simu, sauti tamu inakuambia utume kwa nambari ya mtu binafsi "kwa sababu till ina shida leo." Usitume. Till ikiwa na shida leo, malipo yangoje kesho. Ukipewa nambari ya biashara, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina hilo huenda lisiwe lile la kwenye bango, kwani hoteli inaweza kuitwa hivi na kampuni inayoimiliki imesajiliwa vingine. Kwa hivyo uliza mapema, "Till yenu inasoma jina gani?" Mwenye hoteli kweli hatababaika.

Mwezi uliopita wawili wetu tulifika hoteli moja katikati ya mji usiku, jasho likitiririka, tukaambiwa malipo yetu ya shilingi 3,000 hayaonekani.

"Samahani sana, ndugu zangu, hapa hakuna kitu," kijana wa mapokezi alisema.

Hakuwa mkorofi. Zamu ilikuwa imebadilika na mwenzake hakuandika popote. Tulimsomea nambari ya muamala kutoka kwa ujumbe wa malipo, akaitafuta kwenye rekodi za till yao, na baada ya dakika kumi tukapewa funguo. Bila ule ujumbe tungelipa mara mbili, au tungebishana hadi usiku wa manane. Usiufute mpaka ofisi ikurudishie pesa.

Ila kwa mhasibu wako, huo ujumbe pekee hautoshi. Tangu Januari 2024, gharama za biashara kwa kawaida zinahitaji ankara ya eTIMS ndipo KRA izikubali kwenye hesabu ya kodi. Waambie mapokezi mapema waweke PIN ya kampuni yako kwenye ankara. (PIN ya KRA, tafadhali. Ile ya simu haiandikwi popote, hata kwa kitabu cha wageni.)

Sasa tule. Tunaelewa uchovu, lakini kuja Mombasa ukajifungia chumbani na kuku na chipsi ni dhambi ndogo. Jioni shuka Mama Ngina Waterfront, upepo wa bahari ukupige, ule mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, ushushie na dafu. Ukizunguka Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus, kuna viazi karai na mishkaki. Na asubuhi, mahamri kwa mbaazi za nazi. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kiamshakinywa bora nchini, na watu wa Nairobi mtusamehe.

Huku barabarani, kulipa kwa nambari ya mtu binafsi ni jambo la kawaida, na hatuna neno, maana muuzaji umesimama naye. Uliza jina, lisome, ndipo uweke PIN. Mama wa mihogo akikuambia, "Itaandika jina la mume wangu, mwanangu," sawa, mradi amesema kabla hujatuma. Beba pia noti chache za 50 na 100 za tuktuk, kwa siku ile mtandao unagoma. Ukivuka Likoni kwa miguu, feri ni bure.

Mkienda mkahawani kama kikundi na kila mtu ana posho yake, ombeni bili zitenganishwe kabla ya kuagiza. Weita akishatoa bili moja ya watu sita, mtakuwa mnapiga hesabu za soda hadi chakula kipoe.

Mkirudi, treni huchukua kama saa tano au sita. Muda huo unatosha kupakua taarifa ya akaunti ya siku hizo na kuipanga pamoja na ankara. Mabuyu uliyonunulia watoto yaache nje ya fomu.