SHILINGI NA UZITO WA DENI



Mara kwa mara huulizwa kwa nini deni huwa zito ilhali mavuno hayakupungua. Historia ya fedha yetu yatoa jibu.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na paundi 1. Mwaka 1920 Uingereza iliamua ziwe rupia 10. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye deni la rupia 300. Hapo kwanza, mazao yaliyouzwa London kwa paundi 20 yangelilipa lote. Baada ya uamuzi huo yangempatia rupia 200 tu. Kitabuni deni ni lile lile, bali nguvu ya kulilipa imepungua.

Kisha ikaja shilingi, 20 kwa paundi. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, nayo ilitoa shilingi kwa kupokea paundi. Mwaka 1925 Uingereza iliirudisha paundi kwenye dhahabu. Mtaalamu John Maynard Keynes alipinga, akisema thamani yake imepandishwa mno. Shilingi ilifuata paundi, wala Korogwe na Handeni hazikuulizwa. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya 1929, paundi zilizoingia zilipungua, na shilingi mikononi mwa watu zikaadimika.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na maamuzi hayo yakahamia nyumbani.

Funzo kwa kila chama: kabla ya kukopa, lipimeni deni kwa magunia yatakayolilipa, si kwa shilingi peke yake.